Wafalme wa Koti Moja

Koti alilovaa Hariri halikuwa lake, na hilo halikumnyima raha hata kidogo. Nguo nyingi zilizowahi kumkaa vizuri zilikuwa za watu wengine. Kilichomnyima raha ni kifungo. Koti lenyewe la kijivu, kitambaa kizito, lilikuwa la bwana mmoja mwenye kitambi cha heshima aliyelipeleka kwa dobi lifuliwe. Dobi, ambaye yeye na Hariri walikuwa marafiki wa dhiki na wa madhambi, alimwazima kwa masharti: lisipigwe mvua, na lisionekane karibu na kituo cha polisi. Juu ya kifungo cha katikati kilichokuwa kimeng'oka hakusema neno. Dobi mwenye akili haanzishi habari za vifungo.

Basi Hariri akawa anatembea mtaa wa maduka, mkono wa kulia kauchomeka ndani ya koti, pale penye pengo, kama mtu anayeushikilia moyo wake usidondoke njiani.

Walimwita Hariri kwa sababu ya ulimi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwa watu waliokuwa bado wanamtafuta. Katika maisha yake alikuwa na kitu kimoja tu cha kweli: jino la dhahabu, la mbele, juu kushoto. Lilikuwa jino la kuvua na kuvaa. Alilivua wakati wa kula nyama na wakati wa kupigwa. Jino hilo ndilo lililomfungulia milango. Akicheka linametameta, na mtu anajisemea moyoni: mwenye dhahabu mdomoni atataka nini mfukoni mwangu? Alilipenda kama mtoto wa pekee, na kusema kweli kuliko watoto wake wengine.

Sasa tazama mambo yanavyojipanga yenyewe wakati shetani hana kazi.

Kulikuwa na duka la magodoro. Mwenye duka aliitwa Springi, kwa ajili ya biashara yake na kwa sababu akisikia neno faida hakuweza kukaa kitako. Asubuhi ile alikuwa ameegemea rundo la magodoro, simu puani, anaangalia video. Ndani ya simu sauti nzito ilikuwa inasema: "Tazama mkono wake umeingia wapi. Sasa tazama mfalme huyu. Mkono uko wapi? Bado unadhani ni bahati?"

Springi akainua macho. Mlangoni amesimama mtu wa koti la kijivu, mkono ndani ya koti. Na juu ya kichwa cha mtu yule, ukutani, kwenye fremu yenye vumbi, ilikuwepo picha ya marehemu baba yake Springi, kavaa koti jeusi, mkono wa kulia umezama kifuani vilevile.

Springi akasimama taratibu, kama mtu aliyeona simba akiwa chooni.

"Karibu, mkubwa," akasema.

Hariri alikuwa amezoea madukani kuambiwa "toka". Akasita.

"Umekuja peke yako?" Springi akanong'ona.

Kuna kanuni katika kazi ya Hariri: ukiulizwa usilolielewa, jibu kwa swali, na sauti uishushe. "Kwani unamwona mwingine?"

"Nilijua mtakuja. Video zote nimeangalia. Za Frimasoni, za wafalme, zote. Nikawa najiuliza, baba yangu alikuwa anaficha nini kwenye koti lile?" Akaonyesha ukutani. Hariri akageuka, akaiona picha, akauona mkono, akautazama na wake. Akaelewa kwamba hapa hakuna haja ya kutafuta samaki. Samaki amekuja jikoni na ndimu yake.

Nyuma ya duka, juu ya godoro lililopasuka, alikaa mama yake Springi, ajuza mdogo wa mwili, anashindilia sufi kwenye mito. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu alipofiwa: mwanawe anauza magodoro, yeye anajaza mito. Sufi ilikuwa nyusini, ilikuwa nyweleni, ungedhani ametoka kuzaliwa na wingu.

"Mwanangu," akasema, "huyo mgeni wako koti lake lime..."

"Mama yangu," Hariri akamkata kwa upole wa kutisha, "hilo unalolijua wewe, wengine wameingia nalo kaburini. Usilitoe bure."

Ajuza akalitazama koti. Akaitazama picha ya marehemu mumewe. Akamtazama Hariri, hasa mdomoni.

"Haya," akasema. "Nimenyamaza."

Akarudi kwenye sufi yake. Mwanamke anayekubali kunyamaza upesi namna ile, kijana, mkimbie. Hariri hakukimbia. Alivuta kiti.

"Springi," akaanza, "umewahi kuona mchungaji akibariki watu? Vidole viwili juu. Umewahi kuona mtu akiswali, mikono masikioni? Umewahi kuona mtu mzima akimwamkia mwenzake, mkono kifuani? Kila mmoja anadhani ishara ile ni ya kwake. Hizo ni herufi za barua moja. Iliandikwa na wafalme wa kale, wakaigawa vipandevipande, huku kipande na kule kipande, na sisi Frimasoni tukapewa kazi ya kutunza bahasha."

"Na barua inamhusu nani?"

"Wewe unadhani mimi nimepita hapa kununua godoro?"

Springi akashika kifua. Kisha akaona mkono wake ulipokwenda wenyewe, machozi yakamlenga. "Lakini mkubwa, babu zangu walikuwa wasuka mikeka."

"Sasa mfalme anayejificha asuke nini? Taji?"

Hapo Springi hakuwa na swali tena. Mama yake alikuwa nalo.

"Na anayejikuna?" akauliza.

"Mama?"

"Mkono kifuani. Anayejikuna naye ni mfalme?"

"Huyo anajikuna, mama."

"Aa. Nilitaka tu kujua tofauti."

Hariri akaendelea kumwaga. Kwamba damu ya Springi inatoka kwenye kiti cha enzi. Kwamba kiti hicho kipo, ng'ambo, ndani ya nyumba yenye milango isiyo na vitasa, na mbele ya kiti kuna hazina ya ukoo ambayo haijaguswa kwa kukosa mrithi. Kwamba ili ukoo umtambue, dhahabu ya nyumba yake lazima ilale ndani ya sanduku la wakubwa, lifungwe, lisubiri. Ukoo ukijibu, dhahabu inarudi na hazina inafuata nyuma.

"Mimi sina dhahabu," Springi akasema. "Mali yangu yote unaikalia."

Kisha kichwa chake kikageuka, polepole, kuelekea nyuma ya duka. Na cha Hariri kikageuka. Maana mtaa mzima ulijua kwamba ajuza yule ana bangili alizovalishwa na mumewe siku ya harusi, bangili nzito, za kizamani, na kwamba amezishonea ndani ya mto ambao hakuna kichwa kingine kinachoruhusiwa kuulalia.

Ajuza alikuwa anashindilia sufi, hajasikia kitu. Au ndivyo alivyokaa.

*

"Mchezo wenyewe ni wa watoto," Hariri alimwambia dobi, akiwa amekaa juu ya furushi la mashuka ya watu. "Makopo mawili ya biskuti, yanafanana kama mapacha. Moja tupu, moja lina mchanga. Bangili zinaingia kwenye tupu mbele ya macho yao. Halafu tunafanya ishara: mkono wa kulia ndani ya nguo, wa kushoto unaziba macho, wanageukia picha ya marehemu. Mpaka nikohoe. Wakifumbua macho, lililobaki mezani ni la mchanga."

"Na kwa nini wafumbe macho?"

"Kwa sababu nitawaambia ni siri. Mtu akiambiwa asiangalie, anajiona mkubwa."

Dobi akayapaka makopo rangi nyeusi. Juu ya vifuniko akachora bikari na rula ya pembe, akiiga zilizomo kwenye kikopo cha hesabu cha mwanawe. Akakata pazia la zambarau ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Kazi ilipokwisha wote wawili walirudi nyuma kuitazama, na kwa kitambo kidogo hata wao waliogopa.

"Hilo koti nalo," dobi akasema, "mwenyewe anakuja kulichukua wiki hii. Usinitie aibu."

"Atalikuta. Mimi nitakuwa mbali, nimevaa langu."

*

Mambo yangekwenda kama maji kwenye mfereji, isipokuwa Springi alikuwa na mdomo, na alikuwa na shemeji.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, aliuza saruji duka la pili yake, na wawili hao hawakuwahi kupendana hata siku ya harusi. Springi alimwambia "kwa siri tu" kwamba yeye ni mfalme. Hariri aliporudi dukani akamkuta shemeji kasimama mlangoni, saruji mpaka kwenye kope, kwapani fremu.

"Kama mkono ndani ya koti ndio ufalme," shemeji akasema, "basi na huyu ni nani?"

Akageuza fremu. Baba yake shemeji, mzee mnene wa mashavu, koti jeusi, mkono wa kulia kifuani.

Nyuma ya shemeji alisimama kinyozi na fremu yake. Nyuma ya kinyozi, mkunga mstaafu. Nyuma ya mkunga walikuwa wengine wanakuja, wanapangusa vioo kwa mikono ya mashati. Babu, mjomba, baba wa kambo. Wote mkono kifuani, wote wamekaza uso kama wanaosubiri kuchomwa sindano.

Hariri akazipitia zile picha moja baada ya nyingine. Pembeni ya kila moja kulikuwa na pazia lilelile lenye maua. Koti lilikuwa lilelile, lenye kola iliyochanika kidogo. Na chini ya kila mkono, pale ambapo haukufunika vizuri, palikuwa na uzi mdogo unaoning'inia, usio na kifungo.

Wafalme wote wa mji ule walikuwa wamepigwa picha studio moja, kwa koti moja la kuazima.

Mtu wa kawaida hapo angekimbia. Hariri akavuta pumzi, akalifuta jino lake kwa ncha ya ulimi, akacheka likametameta.

"Nimefurahi sana," akasema. "Leo ukoo umekutana. Mlidhani mfalme hukaa peke yake? Nani anamkunia mgongo? Sasa nitawaonyesha daraja. Tazameni mkono umeingia mpaka wapi." Akashika picha ya ukutani. "Huyu, baba yake Springi, mkono umezama mpaka kifundo. Huyo ni wa kiti. Wewe kinyozi, babu yako mkono umeishia katikati ya kiganja: mwonja chakula. Bibi mkunga, mjomba wako ameficha dole gumba: mpiga ngoma wa ikulu, na ni cheo hicho, usiinamishe kichwa."

"Na wangu?" akauliza shemeji.

Hariri akaisogeza fremu mwangani. Vidole vya mzee mnene vilikuwa vimeingia ncha tu.

"Mbeba mwavuli."

Springi alikuwa anatabasamu taratibu, tabasamu la mtu aliyesubiri miaka yote ya ndoa yake. "Shemeji," akasema, "kumbe wewe ni mbeba mwavuli."

"Mwavuli wa mfalme," Hariri akamtuliza.

"Mwavuli wangu," Springi akafafanua.

Kule nyuma ajuza akapiga chafya. Akapiga tena. Akajifunika uso na mto usiokwisha kushonwa, mabega yakawa yanamtikisika. Hariri alimwonea huruma. Sufi ni mbaya kwa kifua cha mtu mzima, akafikiri.

Tangu hapo Springi hakushikika. Ufalme mtupu angeweza kuuahirisha. Ufalme wenye shemeji chini yake hapana. Alimpigia mama yake magoti katikati ya duka, mbele ya wateja.

"Mama, ni kwa siku chache. Zitarudi na hazina."

"Bangili za baba yako?"

"Ambaye alikuwa mfalme, mama."

"Mimi nililala naye, hukunikuta nimelalamika," ajuza akasema. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtoto aliyepanda mti na hajui kushuka. Ukimwamsha mtu anayeota utajiri atakuchukia mpaka afe. Bora umwache aote, wewe ulinde mto. "Haya," akasema. "Mwite mgeni wako. Lakini sherehe iwe ya kweli, siyo ya haraka haraka."

*

Walikutana mchana, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, magodoro yamesimamishwa kuzunguka kuta kama watazamaji wanene. Picha ya marehemu ililetwa. Makopo, moja juu ya meza chini ya pazia la zambarau, jingine ndani ya begi la Hariri. Shemeji alikuja, na amekuja na mwavuli. Aliufungua ndani ya chumba, akasimama nyuma ya Springi akiwa amenuna. Cheo ni cheo.

Ajuza akauchana mto wake. Bangili zikatoka zikilia, na chumba kizima kikapata rangi nyingine. Hariri alijikuta amemeza mate.

"Nitazitia kwenye foronya ndogo," ajuza akasema, "nizizungushie sufi. Dhahabu haipendi kugongana. Itamwamsha kila mwizi njiani."

"Una busara, mama," Hariri akasema, na alimaanisha. Dhahabu isiyopiga kelele ndiyo dhahabu.

Akaanza kushona. Katikati ya kushona akasimamisha sindano. "Ila jambo moja. Marehemu aliniambia, mjumbe wa kweli akichukua dhahabu huacha dhahabu. Asiyeacha kitu ni tarishi."

"Mama, mimi sikuja na..."

"Unayo mdomoni."

Springi akageuka. Shemeji akageuka, na mwavuli ukageuka naye. Hariri akahisi jino lake limepata baridi.

Alilifikiria. Jino moja upande huu, foronya nzima ya bangili upande ule. Kwa zile bangili angeweza kujaza dhahabu mdomo wote, juu na chini, akacheka mpaka watu wavae miwani. Akageukia ukuta, akalivua. Likatoka na kisauti kidogo, kama kizibo cha chupa ya dawa. Ajuza akalipokea kwenye kiganja, akalifunga kwenye pindo la nguo yake, akakaza fundo kwa meno, yaani kwa yale aliyobakiza.

"Sasa tufundishe ishara."

"Mkono wa kulia ndani ya nguo, mama. Wa kushoto unaziba macho. Tunamwelekea marehemu." Kuna upepo mdogo uliokuwa unapita kwenye pengo kila alipofika kwenye herufi fulani, na maneno yakawa yanapiga mluzi. Springi akaamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya wakubwa.

"Sijashika," ajuza akasema. "Nionyeshe."

Hariri akaonyesha.

"Unaziba jicho moja au yote?"

"Yote."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kikohozi."

"Anakohoa nani?"

"Mimi."

"Basi nionyeshe mpaka kwenye kikohozi, mwanangu. Mimi kichwa changu kimeingia sufi. Na huyo wa mwavuli asogee hapa anikinge, mimi ni mama wa mfalme ati."

Hariri akaingiza mkono wa kulia ndani ya koti la kuazima. Wa kushoto akaziba macho. Akamwelekea marehemu, akasimama wima katika giza alilojitengenezea, akingoja kitambo cha kuheshimika. Aliwasikia Springi na shemeji wakipumua wakijaribu na wao. Akasikia uzi ukikatwa. Akakohoa.

"Sasa nimeelewa," ajuza akasema.

Foronya ilikuwa imeshashonwa, imejaa, imevimba vizuri. Aliitumbukiza kwenye kopo mwenyewe. Hariri akaupima uzito kwa jicho, moyo ukamwimbia. Akabana kufuli. Halafu ikafanyika ishara ya kweli: mfalme, mama wa mfalme na mbeba mwavuli wakamgeukia marehemu, mikono vifuani, macho yamezibwa. Kopo likaingia kwenye begi, pacha wake akapanda mezani chini ya pazia. Hariri akakohoa kikohozi kizuri kuliko vyote alivyowahi kukohoa.

"Msiguse," akawaambia, akipiga mluzi. "Msifungue. Msiulize. Mpaka ukoo ujibu."

"Mpaka ukoo ujibu," wakaitikia.

Ajuza ndiye aliyemsindikiza mlangoni. Alimpangusa sufi begani kama mama anayempeleka mwanawe shule.

*

Dobi alikuwa anapiga pasi suti nyeusi za bendi ya matarumbeta. Zilikuwa zimetundikwa chumba kizima, safi, zinasubiri kuchukuliwa. Hariri hakungoja kitu. Alivunja kufuli kwa nyundo, akaitoa foronya, akaichana kwa wembe.

Sufi ikalipuka. Feni ya dobi ikaipokea kwa mikono miwili. Ndani ya muda wa kupepesa macho bendi nzima ilikuwa imeota mvi.

Hariri akaingiza mkono. Akatoa jiwe la mizani. Lile la kupimia sufi, chuma, kuukuu. Akatoa lingine. Akaendelea kuchakura mpaka chini kabisa, vidole vikagusa kitu chembamba, cha duara. Akakitoa mwangani.

Kilikuwa kifungo. Kikubwa, cheupe, kisichofanana na koti lolote duniani. Kimechomekewa sindano, na sindano ina uzi tayari, umefungwa fundo mwishoni ili asipate taabu.

Dobi akakiangalia kifungo. Akaliangalia koti. Akamwangalia Hariri usoni, akainama aone vizuri.

"Jino lako liko wapi?"

Dobi akaanza kucheka, akacheka akishuka chini kidogo kidogo, nusura akalie pasi.

"Wewe," akasema alipopata pumzi, "shona hicho kifungo. Halafu uokote sufi. Zote."

Wiki ile Hariri aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Ulimi peke yake haukuwa hariri. Alijaribu kumuuzia mtu kiwanja cha hewani. Mtu akamsikiliza akipiga mluzi, akamuuliza kama anaita mbwa. Alijaribu kumchumbia mjane mwenye nyumba za kupangisha. Alipocheka, mjane akampa sarafu. Bila jino lile alikuwa mtu tu aliyesimama mbele za watu akiomba.

Akafanya ambalo mwizi mwenye akili hafanyi. Alirudi, na koti lilelile mwilini, maana mwenyewe alikuwa hajalifuata.

Kwa vile mtu akishaamini ufalme hawezi kupona ndani ya wiki, alijua Springi atampokea vizuri. Na kweli. Alimkuta nje ya duka anafagia, mkono mmoja kwenye ufagio, mwingine ndani ya shati.

"Mkubwa," Springi akasema, uso unang'aa, "ukoo umejibu."

Hariri akapoteza hatua moja. "Umejibu?"

"Kupitia kwa mama. Umesema mfalme wa kweli huanza na mlango wake mwenyewe. Halafu simu nimeambiwa niitunze kabatini mpaka biashara ichangamke. Shemeji naye anabeba magodoro ya wateja mvua ikinyesha, na mwavuli juu. Tumeuza sana." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Anakusubiri."

Ajuza alikuwa palepale, wingu lake kichwani. Bangili zilikuwa mkononi, hazijifichi tena. Zililia kila aliposhindilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kifungo kimekukaa. Ni cheupe kidogo, lakini mkono wako umepata likizo." Akamtupia mto akae. "Siku ile ya kwanza nilitaka kumwambia mwanangu mgeni wake koti limeng'oka kifungo, kama la baba yake. Ukaniambia ninyamaze. Mimi ni mtu wa kusikia."

"Kumbe ulikuwepo studio ile?"

"Nilisimama nyuma ya pazia la maua namngoja amalize. Mpiga picha alikuwa bahili, Mungu amrehemu, kifungo kiling'oka hakununua kingine mpaka akafunga biashara. Kila mteja anaambiwa: ingiza mkono, ficha. Mume wangu alikuwa mwembamba, koti lilikuwa jumba, mkono ukazama mpaka kifundo. Baba yake shemeji alikuwa tumbo tupu. Vidole vyenyewe aliviingiza kwa kusukumwa." Akanyoosha uzi. "Ufalme wenu wote ni habari ya nani alikula vizuri."

Hariri akainamisha kichwa. Alikuwa amekuja na hadithi tatu mfukoni, akaona zote hazina miguu. "Mama," akasema kwa mluzi, "naomba jino langu."

"Si jino tena hilo. Ni amana." Akaonyesha kwa sindano. Chini ya picha ya marehemu, juu ya rafu, lilikaa kopo jeusi lenye bikari, lile la mchanga, limefungwa kwa kufuli jipya. "Limo humo, limelala vizuri. Kuna magodoro ya kupeleka hospitali, na huyo wa mwavuli ana mgongo. Wewe mgongo wako mzima, hujawahi kuutumia. Anza na hayo."

"Na baada ya hayo utanipa?"

"Usiguse, usifungue, usiulize."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka ukoo ujibu."

Ajuza akaweka mto chini. Taratibu, bila kumwondolea macho, akainua mkono wake wa kulia, bangili zikalia, akauingiza kifuani ndani ya nguo mpaka ukazama kifundo. Nje, Springi akaacha kufagia. Hariri alijua vizuri kabisa ni nani aliyeitunga ishara ile na aliitungia wapi. Hata hivyo visigino vyake vikajikusanya vyenyewe, mgongo ukanyooka, akajikuta amesimama wima anasubiri neno.

"Kaa chini, mwanangu," ajuza akasema. "Najikuna."